Mama anapiga simu kuuliza kama umeme umerudi

Miezi hii barua nyingi mnazoniletea zinafanana, watu wanaandika kuhusu wazazi wao na bibi zao, karibu wote wanaanza na ugonjwa au hela, halafu ukisoma mpaka mwisho unakuta shida siyo ugonjwa wala siyo hela, ni upweke. Nimechagua nne. Mnaonifahamu mnajua nimekuwa nesi miaka mingi kliniki ya presha na sukari kabla sijastaafu, kwahiyo mengi nitakayosema niliyaona pale kwenye benchi kwa macho yangu.

Shikamoo shangazi. Mama yangu ana miaka 71 yuko Muheza, anaishi na binti wa kazi tu tangu baba afariki mwaka jana. Mimi niko Dar, Mbezi, kaka yangu yuko Mwanza. Hela tunatuma kila mwezi, hakosi kitu. Sasa tangu atoke eda amekuwa anapiga simu hata mara nne kwa siku anauliza vitu vidogo vidogo, umeme umerudi huko kwenu, mvua imenyesha, sukari kilo shingapi. Nikiwa kazini naona usumbufu, nikikata naumia roho. Halafu kila wiki anataka kwenda hospitali, mara mgongo mara kifua kinabana, vipimo vinatoka safi. Nikimuuliza mama una nini anasema sina kitu mwanangu, nyie chapeni kazi. Huu ni uzee tu au ndo ameanza kuchanganyikiwa? – Kitinda mimba, Mbezi

Marahaba mwanangu. Mama yako hana shida na umeme wa Mbezi. Anataka kusikia sauti yako, na kwa vile anaona aibu kupiga simu bila sababu anatafuta sababu, leo umeme kesho sukari.

Ngoja nikusimulie. Pale kliniki tulikuwa na bibi mmoja, siku yake ilikuwa Jumanne. Saa kumi na mbili asubuhi keshafika, daftari lake limefungwa kwenye kona ya kanga, kakaa benchi la mbele kabisa. Sasa zamu yake ikifika namwita, yeye anamsukuma wa nyuma yake, anasema mpishe huyo ana mtoto mgongoni, mie sina haraka. Anapisha mmoja, anapisha wa pili, mpaka saa sita benchi linabaki tupu ndo anaingia, napima presha ipo vizuri, dawa anazo za kutosha. Mimi nilikuwa kijana bado, nikawa nasema moyoni huyu bibi anatupotezea muda. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba bibi yule hakuwa anakuja kwangu, alikuwa anakuja kwenye benchi. Pale kuna watu, kuna habari za mji, kuna mtu wa kumwambia sogea bibi ukae kivulini. Jumanne ndo ilikuwa siku yake pekee ya kuongea na watu, angeanzaje kuimaliza saa mbili asubuhi?

Wazee wetu hawasemi nina upweke. Kwanza neno lenyewe kwao linasikika kama lawama, mzazi akisema niko mpweke ni kama anawashtaki wanawe mbele ya watu, na wengi wangekufa na jambo lao kuliko kufanya hivo. Mgongo je? Mgongo una heshima yake, mgongo unaruhusiwa kuuma. Kwahiyo ukitaka kuujua upweke wa mzee usisubiri autaje, sikiliza anachoomba na uangalie kama ukimpa kile alichoomba anatulia au kesho anaomba kingine.

Na umeniandikia mwenyewe bila kujua, umesema tangu atoke eda. Baba alipofariki nyumba ilijaa, watu walilala mikekani mpaka matanga yakaanuliwa, halafu miezi minne na siku kumi mama alikuwa ndani lakini wanawake wanaingia na kutoka, huyu kaleta uji, yule kaja kumsomea. Eda ikaisha. Wote wakaona sasa mwenzetu kasimama, wakarudi makwao. Mfiwa wengi wetu tunamwangalia sana wiki ya kwanza na kumwacha mwezi wa sita, na mwezi wa sita ndo anagundua kwamba jioni hakuna wa kumuuliza leo tunakula nini.

Sasa usidhani kila anayekaa peke yake ni mpweke. Nawajua wazee wanaishi wenyewe kabisa na wana raha zao, asubuhi shamba, jioni baraza. Upweke ni pale mtu anapohitaji watu na hawapati, au anao lakini hawamfikii. Ndomana hela mnayotuma haijatibu kitu, siyo kwamba ni ndogo.

Ukienda Muheza, nenda ukae siku tatu siyo kutwa moja, na usiende kama mkaguzi. Angalia mkeka wa barazani, bado unatandikwa jioni au umekunjwa umesimamishwa nyuma ya mlango na vumbi juu? Angalia kama anakula vizuri ukiwepo tu na binti akiulizwa anasema bibi siku nyingine anakunywa chai basi. Angalia kama kuna harusi au msiba wa jirani ambao zamani asingekosa na mwaka huu hakwenda. Na kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni majina. Mwache aongee, usimkatize, halafu hesabu kimoyomoyo watu anaowataja ambao amekutana nao wiki hii. Kama wote anaowataja ni marehemu au ni wa kwenye tamthilia, mwanangu hapo kuna jambo.

Wataalamu wana maswali yao matatu mafupi yametoka chuo kikuu cha California kule Los Angeles, yanatumika nchi nyingi sana. Ni mara ngapi unahisi huna mwenzio wa kuwa naye, mara ngapi unahisi umeachwa nje ya mambo, mara ngapi unahisi umetengwa na wengine. Mtu anajibu ni nadra, wakati mwingine, au mara nyingi, nadra inapewa 1 na mara nyingi inapewa 3, wengi wanachukulia jumla ya yote matatu ikifika 6 kwenda juu huyo ana upweke. Ila usimsomee mama yako kama fomu ya sensa. Mkiwa mnachambua mchele muulize hivi mama siku hizi nani anakupitia, atakujibu yote matatu.

Kifua kinachobana usikidharau hata kidogo. Mzee mpweke naye anaugua moyo kama wengine, tena utafiti uliokusanya tafiti 23 na kuchapishwa 2016 ulikuta watu wenye upweke au waliotengwa hatari yao ya magonjwa ya moyo ilikuwa juu kwa asilimia 29 na kiharusi asilimia 32. Kwahiyo kila kifua kikibana apimwe, usiseme ni yale yale. Na kuchanganyikiwa nako kuna dalili zake, anauliza swali lile lile baada ya dakika tano na hakumbuki kwamba alishauliza, anapotea njia anayoijua, anaweka hela kwenye sufuria na kusema ameibiwa. Hayo hujaniandikia. Sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, nayo ni kitu kingine, hapo mtu hata ukimletea watu hafurahi, hali, halali, anaamka saa tisa usiku anakaa kitandani, anakonda, anasema nangoja siku yangu tu. Ukisikia maneno ya namna hiyo, hata akisema huku anacheka, siyo ya kusubiri Idi au Krismasi, mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo na umwambie daktari maneno yenyewe kama alivyoyasema.

Cha kufanya sasa. Piga wewe kabla hajapiga, chagua saa moja isiyobadilika, saa moja na nusu usiku baada ya kula kwa mfano, na kaka yako achukue asubuhi. Mzee akijua saa ya simu anakuwa na kitu cha kusubiri na mchana wako unapumua. Kwenye simu usiulize umekula umekunywa dawa halafu ukakata, huo ni ukaguzi. Muombe kitu. Muulize ule mchuzi wa samaki anatangulia nini kabla ya tui, muulize jina la yule mjomba wa Pangani, mwambie mama nataka kununua kitenge cha harusi nipe rangi. Huyu mwanamke ameongoza nyumba miaka hamsini, ghafla hakuna mtu anayemuuliza chochote!

Na binti wa kazi, hivi mlimwambia nini mlipomuajiri? Wengi tunawaambia usimsumbue bibi. Mwambie amsumbue. Wapike pamoja, wamenye mihogo pamoja. Halafu tafuta jirani mmoja wa rika lake umpe nauli ya bajaji wawe wanaenda wote gulioni au kwenye kikundi chao, mama hatakubali kwenda peke yake lakini akiombwa amsindikize mwenzake atakwenda.

Kitu kimoja nakukataza, usimhamishie Mbezi kwa haraka ukamfungia ndani ya geti kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili usiku mkiwa kazini. Barua inayofuata itakuonyesha.

Shikamoo mama. Tulimleta baba kutoka Wundanyi tukaishi naye hapa Nairobi ghorofa ya nne, ana miaka 78. Nyumba haikosi watu, watoto wangu watatu, mke wangu, wageni. Lakini anakaa tu mbele ya runinga, hata ikizimwa anaitazama. Watoto wakicheka naye anacheka, ukimuuliza mnacheka nini hajui. Zamani alikuwa mzee wa kanisa, siku hizi hataki hata kushuka chini, kanisa amekataa. Mke wangu anasema ni kiburi. Anawezaje kuwa mpweke kwa nyumba imejaa hivi? – Kifungua mimba, Nairobi

Marahaba mwanangu. Anaweza, tena upweke wa nyumba iliyojaa unachoma zaidi kwa sababu hakuna anayeuona.

Mwambie mkeo siyo kiburi. Hilo la kucheka wakicheka wengine limenigusa sana, mimi nikilisikia kitu cha kwanza ninachouliza ni masikio. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana upotevu wa kusikia unaowasumbua kwenye maisha. Mzee wa namna hii hawi kiziwi wa moja kwa moja, anasikia sauti ila maneno yanamponyoka, hasa wakiongea wengi pamoja na runinga iko juu, na wajukuu wa Nairobi wanaongea mbio tena kwa Sheng. Mara ya kwanza anauliza umesema nini, mara ya pili, mara ya tatu anaambiwa ah guka, yaani babu, wacha tu. Baada ya hapo hakuna mtu mwenye heshima zake atakayeuliza tena, anachagua kucheka wakicheka ili asiwe mzigo. Mpeleke wakamwangalie masikio, wakati mwingine ni nta tu imejaa inatolewa siku hiyo hiyo, na kama ni zaidi ya hapo wataalamu watasema. Na nyumbani mtu akiongea naye akae mbele yake, amwangalie usoni, runinga izimwe, siyo kupiga kelele kutoka jikoni.

La pili nakunong'oneza kwa sababu baba yako hatakuambia wewe, na mkeo ndo kabisa. Muulize habari ya haja ndogo. Wanaume wa umri huo wengi tezi dume imewasumbua, mtu anahitaji choo kila baada ya nusu saa, sasa ibada nzima ataikalia vipi, na ngazi za ghorofa nne akishuka atarudi mbio vipi? Nimeona wazee wameacha msikiti, wameacha kanisa, wameacha mazishi ya ndugu zao wa damu, watu wanasema amebadilika kumbe anaogopa kulowana mbele za watu. Hiyo ina matibabu. Mwanaume amuulize, mjomba au mchungaji, na aulize wakiwa wawili tu.

Kule Wundanyi mzee alikuwa na migomba yake, alikuwa anajua mvua inakuja kwa kuangalia vilima, watu walikuwa wanamjia kuamua mashauri. Mmemtoa huko mkampa kiti. Simlaumu mtu, mlifanya kwa mapenzi. Lakini kama nguvu ipo arudi nyumbani mwezi mmoja kila baada ya muda akaone shamba, asalimiane na watu wake. Na kama anapokea ile ya Inua Jamii, hela ya serikali ya Kenya kwa wazee, zile elfu mbili za mwezi, msimchukulie nyie, mpelekeni mwenyewe kwa ajenti. Pale atakutana na wazee wenzake kwenye foleni, na foleni mwanangu ni dawa, kama lile benchi la kliniki nililosimulia hapo juu.

Assalamu alaikum bi mkubwa. Mimi niko Maskati. Bibi yetu alizaliwa Unguja alikuja huku miaka ya 70, sasa ana 84. Kiswahili ndo lugha yake, Kiarabu anajua lakini siyo cha kuongea moyo wake. Mashoga zake wamekwisha mmoja mmoja. Watoto wetu wanaongea Kiarabu na Kiingereza. Siku hizi anaongea peke yake jikoni. Ni wazimu? – Mjukuu, Maskati

Waalaikumu salaam. Anaongea Kiswahili na mtu pekee aliyebaki anayekijua vizuri. Kwa miaka 84 apimwe kumbukumbu na daktari, hilo lifanyike, lakini nadhani umeshajibu swali lako mwenyewe uliposema mashoga wamekwisha.

Vizazi vyote vilivyorudi Oman kutoka Unguja, Pemba na bara baada ya 1970 vilikuwa na nyumba za kutembeleana, mlango mmoja Kiswahili kitupu, kahawa, halua, mizaha ya Ng'ambo na Malindi, mitaa ya Unguja. Rika likiisha siyo watu tu wanaoondoka, ule mzaha hauna wa kuumaliza tena. Bibi akisema neno na wajukuu wakaangaliana, anajifunza kunyamaza. Mtafutie sauti yenye Kiswahili hata nusu saa kwa siku, ndugu aliye Unguja ampigie, asomewe taarabu zake anazozipenda kwa majina aziimbe, na mtoto mmoja mdogo, yule mtundu kuliko wote, apewe kazi ya kujifunza vitendawili kwa bibi, kimoja kila siku baada ya alasiri. Kitendawili lazima kiwe na wa kutega na wa kutegua. Bibi hawezi kukaa kimya mtoto akishasema tega.

Mhariri wa safu hii, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, Morogoro, miaka 74. Mke wangu alitangulia miaka mitatu iliyopita. Watoto ni wazuri, wananijali. Nashindwa kueleza ila jioni saa kumi na mbili nyumba inakuwa kubwa sana. Chai bado naweka maji ya vikombe viwili. Chakula nakula nimesimama. Tangu wezi waingie nilifunga geti, maembe yanaanguka yanaoza, zamani watoto wa mtaani walikuwa wanakuja kuokota. Je, huu ni ugonjwa? – Mwalimu

Shikamoo baba. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na mwandiko wako ulionyooka vile umenikumbusha mbali. Nashukuru umeandika, maana kati ya barua zote za mwaka huu ni wewe tu mzee uliyejisemea mwenyewe.

Siyo ugonjwa baba. Ni upweke, na hauko peke yako kwenye hilo, Shirika la Afya Duniani mwaka 2025 lilitoa ripoti kwamba mtu mmoja katika kila sita duniani anao, vijana na wazee. Ila ukiachwa mrefu unazaa magonjwa, kwahiyo usiuvumilie kama adabu. Na kama kuna siku unaona bora ungelala usiamke, hiyo siku usingoje, mwambie mwanao mmoja waziwazi na ufike hospitali.

Wanaume wa rika lako, nisamehe nikisema hivi, urafiki wenu mwingi ulipita mikononi mwa wake zenu. Mama ndo alijua nani kazaa, nani anaumwa, nani apelekewe ndizi. Akiondoka mume anabaki na nyumba na hana njia ya kwenda kwa majirani zake mwenyewe. Ndomana nakuomba jambo la kutoa, siyo la kupokea. Kule Harare, Zimbabwe, mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alikosa wahudumu, akaanza na bibi 14 wa mtaani, akawafundisha kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza watu wenye mawazo. Ile kazi imekua mpaka ikapimwa kitaalamu na matokeo yakachapishwa 2016, waliokaa na wale bibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wazee ndo walikuwa dawa yenyewe. Na wewe una ufundi wa miaka yote ile ya ualimu umeufungia ndani.

Kaa chini ukila baba, hata ukiwa mwenyewe, weka sahani mezani. Maji ya kikombe cha pili usiyapunguze, mwite mlinzi wa nyumba ya jirani anywe. Kitambo cha saa kumi na mbili usikae ndani, toka ukae nje mpaka giza liingie.

Na geti. Waambie wazazi wa watoto wa mtaani kwamba Jumamosi saa kumi geti liko wazi, waje na madaftari, ukimaliza nao hesabu waokote maembe. Wezi hawaji nyumba yenye watoto kumi uani. Maembe ya huko kwenu yanaanza kuiva Novemba, kwahiyo mafuta ya bawaba uyatie sasa hivi, na ikifika Jumamosi ya kwanza niandikie walikuja wangapi.